Barua ya Mwananchi Ijibiwe

Mwananchi anayeiandikia serikali ya kaunti yake kuuliza barabara ya wadi yao imegharimu kiasi gani haombi hisani. Anadai chake. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 35, inampa kila raia wa Kenya haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari, iliyotiwa saini tarehe 31 Agosti 2016, ikaeleza hatua kwa hatua jinsi haki hiyo inavyotekelezwa. Kabla yake, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 ilikuwa imekwisha kuamuru kila kaunti itenge ofisi ya kushughulikia maombi ya habari, na itunge sheria yake ya kuilinda haki hiyo. Hakuna gavana, katibu wala karani anayeweza kudai leo kwamba jambo hili ni geni kwake.

Hata hivyo, yanayomkuta mwananchi kwenye meza ya mapokezi ni mengine. Barua yake hupokelewa, hupigwa muhuri kama mwenyewe amesisitiza, kisha huzama. Wiki tatu hupita, hupita na miezi mitatu. Akifuatilia, huambiwa mkubwa yuko mkutanoni, au faili liko idara ya fedha, au aliyekuwa akilishughulikia amehamishwa, basi arudi Jumatatu. Hakuna anayemwambia wazi kwamba amekataliwa, kwa sababu kukataa kwa maandishi kunadai sababu, na sababu ikishaandikwa inaweza kupelekwa mbele ya mtu wa kuipima. Ofisi nyingi zimegundua kwamba ni salama zaidi kunyamaza. Gazeti hili linasema kunyamaza huko ni kuvunja sheria, na wanaonyamaza wanajua.

Sheria yenyewe haina ugumu wowote. Ombi ni la maandishi, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika, au aliye na ulemavu unaomzuia kuandika, anaweza kusema ombi lake kwa mdomo, na ofisa analazimika kuliandika na kumpa nakala. Ofisi inaruhusiwa kuwa na fomu yake, lakini hairuhusiwi kuikataa barua ya mtu kwa sababu tu hakuijaza fomu hiyo. Kupeleka ombi hakulipiwi. Kinacholipiwa ni gharama ya kutoa nakala, nayo iwe ya kiasi. Kisheria, mkuu wa taasisi ndiye ofisa wa habari, ingawa anaweza kumkabidhi mwingine kazi hiyo; na katika kaunti, mkuu wa utumishi wa umma ni Katibu wa Kaunti. Ana siku 21 za kujibu. Nyaraka zikiwa nyingi mno anaweza kujiongezea siku 14, mara moja tu, si zaidi. Ikiwa habari imo katika ofisi nyingine, ni juu yake kulihamisha ombi hilo ndani ya siku 5, badala ya kumzungusha mwananchi kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Na pale ambapo uhai au uhuru wa mtu unategemea habari hiyo, jibu litolewe katika saa 48.

Mbunge mwakilishi wa wanawake wa Nyeri wakati huo, Priscilla Nyokabi, ndiye aliyeupeleka mswada wa sheria hiyo bungeni kwa jina lake mwenyewe, baada ya serikali kujikokota kwa miaka mingi. Mswada uliandikwa na watu waliozijua ofisi za umma na mbinu zake. Ndiyo maana ukaweka kipengele kinachosema kwamba ofisi isipojibu katika muda uliowekwa, ihesabiwe kuwa imekataa. Ukimya wa ofisa umepewa maana ya kisheria. Mwananchi hana haja ya kuendelea kusubiri. Siku ya 22 anaweza kwenda mbele.

Sheria inasema pia kwamba haki ya mwombaji haiathiriwi na sababu anayoitoa, wala na fikira za ofisi kuhusu nia yake. Hapo ndipo maofisa wengi wanapoteleza kabla hata hawajaisoma barua. Swali la kwanza wanalouliza ni "Unaitakia nini?" La pili ni "Umetumwa na nani?" Huulizwa kwa sauti ya kumtia mtu hofu, hasa akiwa mzee wa kijiji au kijana asiye na mtu wa kumtetea. Wapo wanaotoka hapo wakiwa wamekwisha kuamua kutorudi. Ofisa anayeuliza hivyo hajaelewa nafasi yake. Yeye ni mtu aliyewekewa amana, na aliyewekewa amana haulizi mwenye mali anaitakia nini mali yake. Huenda mwombaji ni hasimu wa gavana. Huenda anakusudia kugombea uwakilishi wadi uchaguzi ujao. Ni raia vilevile, na gharama ya kisima cha maji haibadiliki kwa sababu aliyeiuliza ni mpinzani.

Kinga inayokimbiliwa baada ya hapo ni siri. Tunakiri kwamba zipo habari ambazo ofisi ya umma inapaswa kuzilinda, na sheria imezitaja: zinazohusu usalama wa taifa, zinazoweza kuhatarisha maisha ya mtu, zinazoingilia faragha bila sababu, zinazoharibu kesi iliyo mahakamani, na siri za kweli za biashara. Lakini kumbukumbu za mkutano wa kamati ya soko si usalama wa taifa. Mkataba wa kujenga zahanati kwa kodi ya watu si siri ya mkandarasi kwa sababu tu mkandarasi angependa iwe. Tena ofisi ikiona sehemu ya waraka ni ya siri, wajibu wake ni kuifunika sehemu hiyo na kuitoa iliyobaki. Kuufungia waraka mzima kabatini kwa ajili ya aya moja ni hila. Na hata penye siri ya kweli, mahakama inaweza kuamua kwamba manufaa ya umma ni mazito kuliko madhara ya kuifichua, na ikaamuru itolewe.

Tuichukue basari, kwa kuwa hakuna jambo linalozungumzwa zaidi katika wadi zetu kila shule zinapokaribia kufunguliwa. Mzazi aliyejaza fomu na mwanawe asipate kitu anataka kujua waliopata ni akina nani. Karani humjibu kwamba majina ya watoto hayatolewi, na hapo ana hoja: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda habari za watu binafsi, na mtoto wa maskini hapaswi kubandikwa ukutani ili dunia isome umaskini wa kwao. Gazeti hili linakubaliana na hilo kabisa. Lakini hoja hiyo haifiki pale karani anapotaka kuifikisha. Idadi ya waliopata katika kila wadi inaweza kutolewa. Jumla ya fedha zilizotengwa na zilizolipwa inaweza kutolewa, pamoja na majina ya shule zilizopokea hundi na kiasi cha kila hundi. Vigezo vilivyotumika kuchagua, kumbukumbu za kikao kilichochagua, na majina ya wanakamati walioketi humo, vyote vinaweza kutolewa bila mtoto hata mmoja kutajwa. Mzazi akipewa hayo atajua kama haki ilitendeka. Akinyimwa yote kwa kisingizio cha kumlinda mtoto, anayelindwa ni mwanakamati.

Hadi hapa tumezungumzia habari zinazoombwa. Ukweli ni kwamba nyingi kati ya hizo hazikupaswa kuombwa kamwe. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeipa kila kaunti ratiba: mpango wa maendeleo wa mwaka kufikia tarehe 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, na ripoti ya mapato na matumizi kila robo mwaka inapomalizika. Nyaraka hizi zinatakiwa kutangazwa kwa umma. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 nayo inataka kandarasi zilizotolewa zitangazwe, na kumbukumbu za kila zabuni zitunzwe kwa muda usiopungua miaka 6 baada ya mkataba kukamilika. Raia anapolazimika kuandika barua ili apate waraka ambao ulipaswa kuwa kwenye ubao wa matangazo na kwenye tovuti ya kaunti, kosa limekwisha kutendeka kabla hajainua kalamu. Na barua hiyo isipojibiwa, ni kosa la pili juu ya la kwanza.

Zipo kaunti zinazotangaza, na zinastahili kutajwa kwa wema. Lakini kutangaza kuna namna zake. Kitabu cha bajeti cha mamia ya kurasa, kwa Kiingereza cha wahasibu, kinachowekwa mtandaoni jioni kabla ya kikao cha kuwashirikisha wananchi, hakijatangazwa kwa mwanamke wa Msambweni wala kwa mvuvi wa Faza. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Sheria inamruhusu mwananchi kuomba habari kwa Kiswahili; ni kichekesho kichungu akijibiwa kwa jedwali asiloweza kulisoma. Muhtasari wa kurasa chache kwa Kiswahili, unaosema wadi fulani imetengewa kiasi gani, kwa mradi gani, na mkandarasi ni nani, hauhitaji mtaalamu wa kigeni kuuandaa. Unahitaji ofisa mmoja anayewaheshimu watu wa kwao.

Kikao chenyewe cha ushirikishaji kinapofika, wananchi huitwa kwenye ukumbi, huketishwa, hupewa maji ya chupa, na huombwa maoni juu ya bajeti ambayo hawajaiona. Wanaosimama husema wanataka barabara na maji, kwa kuwa hawana jingine la kusema. Orodha ya waliohudhuria hutiwa saini, na saini hizo huambatishwa kuwa ushahidi kwamba umma ulishirikishwa. Bila habari mikononi, ushirikishaji huo ni bure.

Tukija kwenye hifadhi ya kumbukumbu, tunagusa kidonda cha zamani zaidi. Serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013 zilirithi mali, madeni na makabati ya mabaraza 175 ya miji, manispaa na wilaya yaliyovunjwa. Viwanja vya umma, mikataba ya nyumba za kupanga, ramani za masoko na makaburi, mikopo, kesi ambazo hazijaisha: yote yalikuwa katika mafaili hayo. Kuyahesabu na kuyakabidhi kulikuwa kazi ya Mamlaka ya Mpito, nayo ilimaliza muda wake mwaka 2016 kazi ikiwa haijakamilika. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na viwanja vya umma katika miji yetu vimekwenda hivyo hivyo. Uwanja wa shule unapozungushiwa ukuta na mtu mwenye hati, na wazazi wakaenda kuomba waraka unaoonyesha uwanja ulikuwa wa nani, jibu la kwamba faili halionekani linampa mnyakuzi ushindi bila hata kufika mahakamani.

Kwa hiyo hatukubali kwamba kupotea kwa faili ni bahati mbaya inayomaliza mazungumzo. Sheria ya 2016 inailazimu kila taasisi ya umma kutengeneza na kutunza kumbukumbu za kutosha kuonyesha maamuzi yake na shughuli zake, na iliwapa miaka mitatu kuziingiza kwenye kompyuta. Muda huo uliisha mwaka 2019. Aidha, sheria ya kumbukumbu za taifa haimruhusu ofisa kuharibu nyaraka za umma kwa hiari yake. Faili likipotea, lazima awepo mtu aliyelitoa mara ya mwisho, tarehe aliyolitoa, na saini yake kwenye rejista. Kama rejista hiyo haipo, basi kaunti ieleze ni nani aliyeajiriwa kuitunza, na amekuwa akilipwa mshahara kwa kazi gani. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hurudia malalamiko haya mwaka baada ya mwaka: fedha zimelipwa, stakabadhi za kuthibitisha hazikuletwa. Wakandarasi nao hudai malipo ya miradi ya miaka iliyopita, na kaunti hushindwa kujua deni lipi ni la haki na lipi limebuniwa, kwa kuwa nyaraka hazipo. Mfanyabiashara mdogo aliyekopa benki ili apeleke madawati huanguka pamoja na tapeli, kwa sababu ofisi haiwezi kuwatofautisha.

Mahakama zimekwisha kusema zaidi ya mara moja, na hazikusema kwa mafumbo. Mwaka 2017 taasisi ya Katiba Institute iliuliza serikali ya taifa ilitumia kiasi gani kwa matangazo ya kujisifu kuhusu miradi yake kabla ya uchaguzi. Haikujibiwa. Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu akaamua kwamba kuinyima habari hiyo kulikiuka Katiba, na akaamuru itolewe. Mei 2022, mjini Mombasa, Jaji John Mativo alitoa uamuzi kama huo katika kesi ya Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo, waliodai kuiona mikataba ya reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi. Serikali ilisema mikataba yenyewe ilikuwa na kipengele cha siri. Mahakama haikukubali kwamba serikali inaweza kuingia mkataba wa kuikwepa Katiba. Mnamo Novemba mwaka huohuo sehemu ya nyaraka hizo ikachapishwa. Treni zilikuwa zimekwisha kubeba abiria kwa zaidi ya miaka mitano.

Kesi hizo zilihusu serikali ya taifa, na zilifunguliwa na watu wenye mawakili na uvumilivu wa miaka. Nani atamfungulia kesi Katibu wa Kaunti kwa ajili ya daraja la watembea kwa miguu huko kijijini? Hapo ndipo kaunti zinapojificha. Zinajua kwamba gharama ya kwenda mahakamani ni kubwa kuliko subira ya mkulima. Lakini kanuni iliyotumika Nairobi na Mombasa ni ileile inayoifunga kila moja ya kaunti 47, na ofisa anayesubiri mpaka ashtakiwe ndipo atimize wajibu wake anatumia fedha za umma kulipa mawakili wa kumzuia huyohuyo umma.

Kwa wanaodhani hii ni mizozo ya makaratasi tu, tunawakumbusha Owino Uhuru, mtaa wa watu wa kipato cha chini huko Mikindani, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi ubavuni mwa nyumba zao, na sumu ya risasi ikaingia katika damu ya watoto. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa na kiwanda hicho mwaka 2009, alisimamia tathmini ya athari kwa mazingira iliyoonyesha hatari, na ushauri wake ukapuuzwa. Wakazi waliokuwa wakivuta moshi ule hawakuwa na karatasi hiyo mikononi. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, uamuzi ambao ulitenguliwa katika rufaa kisha ukarudishwa na Mahakama ya Juu Desemba 2024. Hakuna fidia inayotoa risasi kwenye mifupa ya mtoto. Leseni, ripoti za ukaguzi, matokeo ya vipimo vya maji na hewa: hizi ni habari ambazo watu wanaoishi karibu wanapaswa kuziona kabla ya mtoto wa kwanza kuugua. Saa 48 ziliwekwa katika sheria kwa ajili ya mambo kama haya. Idara ya afya ya kaunti inayoketi juu ya matokeo ya vipimo vya kisima kwa wiki moja, ikisubiri ruhusa ya mkubwa, inacheza na roho za watu.

Tunajua pia kwamba karani si mwenye mamlaka. Wengi wao wangependa kutoa nakala na wanaogopa kufutwa kazi au kuhamishiwa mbali na familia zao. Wajue kwamba sheria inamlinda anayefichua kwa nia njema habari za uovu, ufisadi au hatari kwa umma, na kwamba hakuna amri ya bosi inayohalalisha kuharibu au kubadilisha waraka ulioombwa. Adhabu ya kufanya hivyo ni faini au kifungo, naye bosi hatafungwa kwa niaba ya karani. Anayeambiwa na mkubwa wake afiche faili na aombe agizo hilo kwa maandishi. Mara nyingi halitaandikwa.

Wajibu una upande wa pili, na gazeti hili halitawabembeleza wasomaji wake. Wananchi wengi hulalamika kwenye redio, kwenye matanga na kwenye makundi ya simu, lakini hawajawahi kuandika ombi. Malalamiko ya mdomo hayaanzishi siku 21. Andika barua, hata kwa mkono. Ielekeze kwa Katibu wa Kaunti. Taja Kifungu cha 35 na Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Eleza bayana unachotaka: si "habari zote kuhusu barabara", ila mkataba wa barabara fulani, katika wadi fulani, mwaka fulani wa fedha, na hati za malipo yaliyofanywa. Ombi lisilo na mipaka humpa ofisa mzembe nafasi ya kusema halikueleweka. Peleka nakala mbili, na ile unayobaki nayo ipigwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Ukinyimwa au ukinyamaziwa, una siku 30 za kuiomba Tume ya Haki za Utawala, inayojulikana na wengi kwa jina la Ombudsman, iupitie uamuzi huo. Tume ina uwezo wa kuamuru habari itolewe. Amri yake isipokatiwa rufaa, inaweza kutekelezwa kupitia Mahakama Kuu kama hukumu. Mkiwa kikundi cha wazazi, wavuvi au wauza mboga sokoni, andikeni pamoja; barua yenye majina thelathini ni vigumu kuipoteza.

Wanahabari wa mashinani nao waache kuishi kwa taarifa zinazotumwa na idara za mawasiliano za magavana. Picha ya gavana akikata utepe haielezi gharama ya jengo lililo nyuma yake. Ombi la habari ni chombo cha kazi, na mwandishi asiyelitumia ameacha sehemu kubwa ya kazi yake mikononi mwa anaowaandika.

Wawakilishi wadi wana hatia ya aina yao. Katiba inayataka mabunge ya kaunti yafanye kazi kwa uwazi na kamati zake ziketi hadharani. Wao ndio waliopewa jukumu la kuisimamia serikali ya kaunti, na wengi wameridhika kuisimamia pale tu miradi ya wadi zao inapocheleweshwa. Kaunti ambayo mpaka leo haijatunga sheria yake ya kupata habari, zaidi ya miaka kumi tangu iagizwe, haina wa kumlaumu ila bunge lake.

Tunataka mambo machache, na tunayataka sasa. Kila gavana atangaze jina, chumba na nambari ya simu ya ofisa wa habari wa kaunti yake, kwenye makao makuu na katika kila ofisi ya wadi. Kila Katibu wa Kaunti aweke rejista ya maombi, inayoonyesha tarehe ya kupokelewa, tarehe ya kujibiwa na sababu ya kila kukataa, na rejista hiyo iwekwe mbele ya bunge la kaunti kila robo mwaka. Tume ya Haki za Utawala isiishie kuandika barua za kukumbusha. Imwagize ofisa kwa jina lake, na imripoti kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma pale anapokaidi. Barua zote zilizopita siku 21 bila jibu zijibiwe kabla mwaka huu wa fedha haujafungwa tarehe 30 Juni. Katibu atakayeshindwa aitwe mbele ya kamati, hadharani, aeleze sababu. Na asiyekuwa nayo aachie ofisi.